Nyumba Walikosomea Nyanya Zetu

Tunapoadhimisha yubilei ya kwaya yetu, tumeona vyema kukumbuka mahali ambapo mama na nyanya zetu walijifunza kusoma kitabu cha nyimbo.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mwaka 1906 wamisionari wa C.M.S. walifungua shule ya Maseno kwa ajili ya wavulana. Wasichana walibaki kuteka maji, kulea watoto na kungojea ng'ombe wa mahari. Mwaka 1912 Walter Chadwick alianzisha kituo cha Butere, na mwaka 1916 dada yake, Jane Elizabeth Chadwick, akaanza kufundisha wasichana hapo. Alikuwa mzoefu wa safari: mwaka 1895 alikuwa mmoja wa wanawake watano wa kwanza wa C.M.S. kuingia Uganda, wakitembea kwa miguu kutoka pwani, kwa maana reli haikuwapo.

Shule hizo za misheni zilikuwa pia makao. Msichana alilala huko, akalima, akapika, akashona, na katikati ya kazi hizo akasoma. Wazee wengi walikataa. Binti akikaa kwa wageni, nani atamwoa? Wengine walikwenda bila baraka za nyumbani.

Miaka ya 1920 Fanny Moller naye alifundisha wasichana kule Ng'iya. Agano Jipya kwa Kiluo lilipochapishwa mwaka 1926, wasichana waliojua kusoma waliweza kulifungua wenyewe, bila kungoja kaka awasomee. Kizazi kilichofuata kilimtoa Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, aliyesoma Ng'iya na Butere, akawa muuguzi, mwandishi na mbunge.

Majina ya walimu yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya wanafunzi wengi yamo vichwani mwa wajukuu, na wajukuu nao wanazeeka. Sisi tunaoimba leo sauti ya kwanza na ya pili tulifundishwa na hao, jikoni na shambani, kabla hatujaingia kwaya.

Kwa hiyo tunaomba kila familia: kabla hamjaondoka leo, andikeni katika daftari lililo mlangoni jina la mama au nyanya aliyesoma katika shule hizo, na wimbo alioupenda. Katibu wa kwaya atalitunza daftari hilo.