Wengi Mno, Wachache Mno: Vijana Wenye Ulemavu na Hesabu za Kaskazini Mashariki

Agosti 2010, Waziri wa Mipango wa Kenya Wycliffe Oparanya alitangaza matokeo ya sensa ya mwaka uliotangulia, kisha akafuta takwimu za wilaya nane za kaskazini, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera. Kosa la wilaya hizo lilikuwa moja: watu walionekana kuwa wengi kupita kiasi. Sensa ya 2019 ikaleta kioja cha pili, na hiki hakikupigiwa kelele. Watu wenye ulemavu wa Kaskazini Mashariki walikuwa wachache kupita kiasi. Kitaifa walihesabiwa asilimia 2.2 ya wakazi wa kuanzia umri wa miaka mitano. Embu ilifika asilimia 4.4. Wajir haikufika hata asilimia 1.

Anayeijua historia ya huko hawezi kuimeza hesabu hiyo. Hili ni eneo lililopitia vita vya Shifta kuanzia 1963 hadi 1967, likawekwa chini ya sheria ya hali ya hatari hadi 1991, likaona mauaji ya Wagalla Februari 1984 na ya Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Ni huko pia polio ilikorudi Kenya baada ya kutoweka kwa zaidi ya miaka 20: ilimpata msichana wa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi ya wilaya ya Garissa, Oktoba 2006. Mwaka 2013 ikazuka tena karibu na kambi za wakimbizi za Dadaab, na wagonjwa 14 wakathibitishwa nchini. Risasi na polio zina kawaida ya kuacha watu wenye ulemavu. Wako wapi?

Sehemu ya jibu imo katika namna walivyoulizwa. Karani wa sensa alikuwa na maswali kuhusu shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mara nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya, si kijana mwenyewe. Na katika boma la wafugaji, msichana asiyesikia lakini anayechunga mbuzi mia bila kupoteza hata mmoja hana shida yoyote machoni pa baba yake. Nadhani baba huyo hadanganyi. Shida inaanza ukame unapomaliza mifugo, familia ikahamia kwenye mabula, yaani mitaa, ya pembezoni mwa mji wa Garissa, na msichana akajikuta mahali ambapo kila kitu, kuanzia shule hadi soko, kinadai masikio. Ulemavu wake umeongezeka bila mwili wake kubadilika.

Historia ya kuachwa nje ni ndefu kuliko sensa. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyolijumuisha eneo hili, kwa sheria ya 1926, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule zitakakozaa haraka, na jangwa halikuwa kule. Shule ya wasioona ya Thika ilikuwapo tangu 1946. Kwa mtoto wa Garissa, Thika ni zaidi ya kilomita 300, lugha nyingine, chakula kingine, na mzazi anayehama na ngamia asiyejua atakuwa wapi shule zikifungwa.

Aliyeanza kuibadilisha hali hiyo kwa vitendo alikuwa mgeni. Annalena Tonelli, mwanasheria kutoka Forlì, Italia, alifika Wajir mwaka 1970 akiwa mwalimu. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika kubwa. Yeye na wanawake wachache waliojiunga naye walikusanya watoto waliopooza, wasioona na wasiosikia, wakaishi nao katika kituo kimoja. Anakumbukwa zaidi kwa kifua kikuu: wagonjwa wa kuhamahama waliruhusiwa kujenga vibanda vyao karibu na mahali pa matibabu, wakameza dawa mbele ya macho ya mtu hadi wapone, mtindo ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza. Busara ile ile ndiyo iliyowafaa watoto wenye ulemavu. Mfugaji hakuambiwa aache kuwa mfugaji ndipo ahudumiwe.

Baada ya mauaji ya Wagalla, Tonelli aliokota miili, akatibu majeruhi na kusaidia habari za mauaji kutoka nje. Mwaka uliofuata aliondoka Kenya. Aliendelea na kazi huko Somalia, Merca kisha Borama, akapewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi na kufa ndani ya hospitali yake Borama.

Lakini kuna jambo la Wajir ambalo haliwezi kuandikwa kwa jina la mgeni. Lugha ya ishara wanayoitumia viziwi wa Somalia na Djibouti inaaminika kuwa chimbuko lake ni Wajir, ambako Msomali mmoja aliyesoma katika shule ya viziwi ya Kenya alianzisha kituo cha kuwafundisha viziwi wa jamii yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shule ya viziwi ikafunguliwa Borama, na lugha hiyo ikawa ya kufundishia. Mji ambao Nairobi iliuona kama mwisho wa dunia uliwapa lugha vijana wa nchi mbili nyingine. Sijaona kitabu cha historia cha shule zetu kinachowaambia watoto hivyo.

Sheria zilikuja baadaye, na karatasi hazikukosekana: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, mkataba wa Umoja wa Mataifa ulioridhiwa 2008, Katiba ya 2010 yenye Ibara ya 54 kwa watu wenye ulemavu na Ibara ya 56 kwa jamii zilizotengwa, kisha sheria mpya ya Mei 2025. Tatizo ni kwamba kijana wa Garissa anaangukia ibara zote mbili, na kila ofisi inamwona kwa jicho moja tu. Ofisi ya ulemavu inamtaka awe na kitambulisho cha taifa. Ofisi ya vitambulisho inamwona Msomali wa mpakani. Msako wa 1989 uliwalazimisha Wasomali wa Kenya kubeba kadi za pekee, na kamati za kuwahoji waombaji ziliendelea hadi Rais William Ruto alipotangaza kuzifuta Februari 2025. Wapo pia Wakenya walioandikishwa ukimbizini Dadaab wakati wa njaa ili wapate mgao wa chakula, na alama za vidole zao zikawafungia mlango wa uraia walipofika miaka 18. Kijana wa namna hiyo akiwa na ulemavu mkubwa, hata zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada wa fedha, hazimfikii.

Ndiyo maana kuundwa kwa NONDO, shirika la watu wenye ulemavu wa jamii za kuhamahama lenye makao yake Garissa, kulikuwa na uzito. Waliosema sasa walikuwa wenyewe. Aliyekuwa mkurugenzi wake, Harun Hassan, baadaye aliongoza Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, cheo ambacho zamani nani angedhani kitashikwa na mtu aliyeanzia harakati zake Garissa? Hata hivyo cheo kimoja Nairobi hakihesabu watu Ijara, wala hakiwafikii vijana wa jamii ya Waboni waliobanwa kati ya msitu na operesheni ya kijeshi tangu 2015.

Januari 2025, Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 kwa Garissa, Wajir na Mandera, ikaagiza watu wahesabiwe upya. Wanasiasa walishangilia, kwa kuwa idadi huleta mgao na majimbo. Siku makarani watakaporudi, viongozi hao waulizwe jambo moja: katika kila kaya, ni nani atakayejibu kwa niaba ya kijana asiyesikia? Shirika la Takwimu liajiri makarani wanaojua Kisomali na lugha ya ishara, na kijana aulizwe mwenyewe.