Mazao Madogo na Usajili wa Dawa za Wadudu: Hoja kutoka Thika na Ruiru

Kenya haisajili dawa ya kuua wadudu kwa jina lake tu. Huisajili kwa zao fulani na kwa mdudu au ugonjwa fulani. Chukua chupa yoyote halali katika agroveti za Thika usome kibandiko chake: kuna namba ya usajili inayoanza kwa herufi PCPB, mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, kipimo cha kuchanganya katika lita 20 za maji, na siku za kungoja tangu kupiga dawa hadi kuvuna. Kuna pia orodha ya mazao, na mara nyingi huwa fupi: nyanya, kabichi, kahawa, waridi. Zao lisilotajwa hapo halina ruhusa ya dawa hiyo, hata kama mdudu anayelishambulia ni yule yule.

Utaratibu huu umejengwa juu ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ya mwaka 1982, Sura ya 346, iliyounda bodi ya PCPB. Nia yake ni njema, wala sioni sababu ya kuubomoa. Tatizo ni nani anayeomba usajili. Mwombaji ni kampuni inayotaka kuuza dawa, na ndiyo inayogharamia majaribio ya shambani ya kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi katika mazingira ya Kenya, pamoja na takwimu za mabaki yanayosalia kwenye chakula. Gharama hizo hazipungui kwa sababu zao ni dogo. Kampuni hupiga hesabu, ikaona kwamba jaribio la nyanya litarudisha fedha zake na la karakara au bamia halitarudisha. Siilaumu kwa hesabu hiyo. Ninachopinga ni taifa kuiachia hesabu hiyo iamue ni mkulima yupi atakayekuwa na njia halali ya kulinda zao lake.

Kahawa inaonyesha jinsi mambo yanavyokuwa pale zao linapokuwa na mwenyewe. Ugonjwa wa chulebuni, ambao wakulima wengi huuita CBD, uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Utafiti wa kahawa uliokita mizizi Ruiru uligharamiwa kwa muda mrefu na makato ya mauzo ya kahawa yenyewe. Kwa hiyo watafiti waliweza kupima dawa za shaba msimu baada ya msimu, wakajua zipigwe lini kabla na baada ya mvua, na wakati huo huo wakaendelea kuzalisha miche. Mwaka 1985 walitoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na mwaka 2010 ikafuata Batian. Mkulima wa kahawa alipata dawa zilizosajiliwa, kisha akapata mche unaopunguza haja ya dawa hizo. Yote mawili yalitokana na fungu la fedha ambalo halikuwa mikononi mwa muuza dawa.

Sasa tazama makadamia. Mti huu uliletwa kutoka Australia mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, akaupanda shambani kwake karibu na Thika, na hadi leo mji huo ni kitovu cha usindikaji wa kokwa zake. Utafiti wa kuchagua aina bora ulifanyika, na majina kama MRG-20 na KRG-15 yanabeba kumbukumbu ya Murang'a na Kirinyaga zilikotoka. Hata hivyo, vibandiko vinavyolitaja zao hili ni vichache mno vikilinganishwa na vya kahawa. Kunguni wa mimea hutoboa kokwa changa na kunyonya kiini chake, na uharibifu huonekana baadaye sana, ganda linapovunjwa kiwandani. Isitoshe, mti uliokomaa hupanda juu kuliko pampu ya mgongoni inavyoweza kurusha. Kipimo cha dawa kilichotokana na majaribio ya mboga hakina maana mbele ya mti wa namna hiyo. Unahitaji majaribio yake wenyewe, na hakuna muuzaji mwenye haraka ya kuyalipia.

Kwa mishiri, yaani maharagwe yanayoliwa na maganda yake, jambo ni zito zaidi. Mishiri huanza kuvunwa chini ya miezi miwili baada ya kupandwa, kisha huchumwa mara mbili au tatu kwa wiki, wiki baada ya wiki. Dawa inayodai siku saba za kungoja haiwezi kutumika katikati ya uchumaji ila mkulima atupe mavuno, kwa maana ganda likizidi unene mnunuzi hulikataa. Mkulima wa kahawa, ambaye buni zake hukaa mtini miezi, hana shida hiyo. Ndiyo sababu siku za kungoja lazima zipimwe kwenye mishiri yenyewe.

Matokeo ya pengo hilo tuliyaona. Tangu Septemba 2008, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 396 ya mwaka 2005 imeweka ukomo wa kawaida wa miligramu 0.01 kwa kilo kwa mabaki ambayo hayajawekewa kiwango maalumu. Baada ya dimethoeti kukutwa mara kwa mara kwenye mishiri na njegere za Kenya, mnamo Januari 2013 Ulaya iliagiza asilimia 10 ya shehena hizo zipimwe mpakani. Dimethoeti ilikuwa dawa ya bei nafuu iliyozoeleka. Kuiondoa kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuiondoa bila kuwa na mbadala wa kutosha uliokwisha kusajiliwa kwa mazao hayo. Mzigo ukawaangukia wakulima wadogo, kwa kuwa wanunuzi waliogopa mazao yasiyoweza kufuatiliwa hadi shamba yalikotoka.

Wapo watakaosema kwamba Kenya ina sumu nyingi tayari, na kwamba kurahisisha usajili ni kuziongeza. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2019 Gladys Boss Shollei, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha bungeni ombi la kuondoa dawa zenye madhara, na naamini alifanya jambo lililostahili. Lakini kukosekana kwa usajili hakujamzuia mkulima kupiga dawa. Humfanya apige ile ya nyanya kwenye karakara, kwa kipimo cha kukisia, bila siku za kungoja alizoambiwa na mtu yeyote. Mlaji wa Nairobi hula matokeo ya kukisia huko, naye hana mpaka wa Ulaya wa kumlinda.

Njia zipo. Marekani ilianzisha mradi wa IR-4 mwaka 1963, ambapo watafiti wa umma hukusanya takwimu za mazao madogo na kuziwasilisha kwa msajili. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya kimataifa vya chakula, nayo ilipitisha mwaka 2012 mwongozo wa kuchagua mazao wakilishi, ili takwimu za zao moja zitumike kuweka viwango vya mabaki kwa kundi zima la mazao yanayofanana. Nyumbani kwetu, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilibaini aina ya kuvu, Metarhizium anisopliae, iitwayo ICIPE 69, na kampuni ya Real IPM ya Thika ikaigeuza dawa inayouzwa kwa jina la Campaign. Kuvu huua wadudu kama vithiripi bila kuacha mabaki ya kemikali yanayohofiwa mpakani. Bidhaa za aina hii ndizo zinazostahili kutangulizwa, ingawa nazo hazisongi mbele bila mtu wa kulipia jaribio kwa kila zao.

Kwa hiyo naiomba PCPB na Wizara ya Kilimo zilipe shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, kupitia kituo chake cha kilimo cha bustani cha Kandara, jirani na Thika, mamlaka na fedha za kuomba usajili kwa niaba ya mazao yasiyo na mwombaji. Sehemu ya tozo za mauzo ya nje itengwe kwa kazi hiyo, na orodha ianze na mishiri, makadamia na karakara. Majaribio ya mabaki yasilegezwe hata kidogo, na matokeo yake yachapishwe ili kila mkulima na kila mlaji ayasome.