Mzee anayesahau katika historia ya Bunia

Mjini Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzazi aliyeanza kupoteza kumbukumbu kwa kawaida huhamia kwenye parseli (kiwanja cha nyumba) ya mwanawe. Watu huiona desturi hiyo kuwa ya tangu enzi za kale, ilhali ni ya juzi. Kabla mji haujakua, katika jamii nyingi za Ituri aliyehama alikuwa mtoto: mjukuu alipelekwa kukaa kwa bibi au babu, amtekee maji, amkokee moto na kumfuata akitoka. Mzee alibaki palepale alipopazoea, na akipotea njia, jirani yeyote alijua pa kumrudisha. Kwa Wambuti wa msituni, mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, alieleza kwamba watu wote wa rika la mababu waliitwa tata na watoto wote wa kambi. Mzee wa namna hiyo hakuwa mzigo wa nyumba moja.

Dhahabu ndiyo iliyoanza kuvuruga mpango huo. Iligunduliwa huko Kilo mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Vijana walichukuliwa vijijini, mara nyingi kwa shuruti, wakawekwa katika kambi za wafanyakazi. Hospitali za kampuni zilijengwa kwa ajili ya nguvukazi, na mtu asiyeweza kuchimba hakuwamo katika hesabu yake. Bunia nayo ilikua kama mji wa maofisa, misheni na wachuuzi wa samaki wa Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Mtoto aliyepata kazi ya ualimu au ukarani alijenga Nyakasanza au Mudzipela, na mzazi akizidiwa, alifuatwa kijijini aletwe mjini. Mwelekeo wa safari ukageuka.

Kuletwa mjini hakukuwa na hatari ya upweke tu. Mzee anayetangatanga usiku, akizungumza na waliokwisha kufa, huweza kudhaniwa mchawi. Utafiti uliofanywa Kongo-Brazzaville, nchi jirani, umeonyesha shutuma hizo zikiwaangukia wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Ituri yenyewe ina kumbukumbu mbaya zaidi: katikati ya mwaka 2001, katika eneo la Aru, mamia ya watu walioshutumiwa uchawi waliuawa.

Kisha vita. Mapigano kati ya Wahema na Walendu yaliyoanza katika eneo la Djugu mwaka 1999 yaliivunja hospitali ya Nyankunde, kituo kikubwa cha tiba cha mkoa, iliposhambuliwa tarehe 5 Septemba 2002. Mei 2003 yalilipuka tena Bunia yenyewe, hadi kikosi cha Ulaya cha Artemis kilipofika mwezi Juni. Aliyeweza kukimbia alikimbia. Mzee asiyeelewa kwa nini watu wanakimbia alibebwa au aliachwa. Djugu ilipowaka tena mwishoni mwa 2017, wakimbizi walijaa kwenye viwanja vya Bunia karibu na hospitali kuu na chuo cha ualimu cha ISP, na baadaye katika kambi ya Kigonze. Katika kambi ambamo vibanda vya maturubai vinafanana vyote, mwenye kusahau akitoka kwenda msalani anaweza asikitambue tena chake.

Ugonjwa wa kusahau hufuta kwanza mambo ya karibuni na kuacha ya zamani. Kwa hiyo mzee anayesema anataka kwenda nyumbani huwa anaitaja nyumba ambayo huenda iliteketezwa, na kumweleza kila siku kwamba imeungua ni kumtia msiba upya. Lugha nayo hurudi nyuma: Kiswahili alichojifunzia sokoni hupungua, lugha ya mama hubaki. Hapa Bunia ina fumbo lake. Wahema wa kaskazini, Wagegere, husema Kilendu, lugha ileile ya jirani waliyepigana naye. Mzee wao hukirudia Kilendu bila kujua kwamba wakati wa vita lugha iliweza kumfichua mtu kwenye kizuizi cha barabarani, huku mjukuu aliyezaliwa mjini akijua Kiswahili tu.

Kwa kuwa ya zamani ndiyo hubaki, huko Uholanzi kilifunguliwa mwaka 2009 kijiji cha De Hogeweyk, mjini Weesp, ambako wagonjwa wa kusahau hukaa katika nyumba zinazofanana na maisha waliyoyazoea. Kwenye parseli ya Bunia, wazo hilo hutekelezwa kwa vichache: kigoda cha mzee, ibada kwa lugha yake, maharage ya kuchambua ili mikono isikae bure, na mtu mmoja wa kumfuata geti likifunguliwa.

Sheria ya Kongo haikunyamaza. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawawajibisha watoto kuwatunza wazazi wenye uhitaji, na kifungu cha 49 cha katiba ya 2006 kinawapa wazee haki ya ulinzi maalumu. Ila vituo vikubwa vya afya ya akili vya mashariki, Tulizo Letu huko Goma na Sosame huko Bukavu, viko mbali, na barabara ya kusini hupita kwenye maeneo ya makundi yenye silaha. Kazi ya kila siku hubaki nyumbani, na humwangukia hasa binti au mke wa mwana.