Lita Tisa za Kuvuta: Historia ya Maji ya Chooni, Kutoka London hadi Magara

Ziwa Tanganyika lina karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Sisi watu wa Magara tunaliona kila asubuhi. Hata hivyo, robine ikikauka, maji yanageuka kuwa kazi: bidoni ya lita 20, mara nyingi kichwani mwa msichana. Katika insha hii nitaeleza jinsi choo cha kuvuta maji kilivyopunguziwa maji hatua kwa hatua, na kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi wa mwambao wa Rumonge.

Mwaka 1775, Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda, ambalo hubakiza maji kidogo ili kuzuia harufu. Vyoo vya maji vilipoenea katika karne ya 19, uchafu uliishia katika mto Thames, na mto huohuo ndio uliowapa watu wengi maji ya kunywa. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kilisafiri ndani ya maji ya kunywa. Kwa hiyo choo kilisafisha nyumba, lakini kikachafua kisima cha jirani.

Swali la pili lilikuwa kiasi cha maji. Uingereza ilizoea tangi la lita 9 hivi. Marekani, vyoo vingi vilikuwa vikimeza lita 13 au zaidi kwa kila mvuto. Ukame ulipoipiga California mwaka 1976 na 1977, watu walitumbukiza chupa zilizojaa maji ndani ya tangi ili lijae mapema. Mwaka 1980, Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma huko Australia alitengeneza tangi lenye vitufe viwili: kimoja cha haja ndogo, kingine cha haja kubwa. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ikaweka kikomo cha lita 6 hivi kwa vyoo vipya. Ukame na sheria ndivyo vilivyowafundisha wenye mabomba kupima.

Kwetu, mwalimu alikuwa ugonjwa. Kipindupindu kilifika mwambao wa Burundi mwaka 1978. Kikarudi kati ya Januari na Mei 1992, kikashika zaidi jamii zilizo karibu na ziwa na mto Rusizi. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa Rumonge walikuta kwamba kuoga ziwani na kunywa maji yake kuliongeza hatari ya kuugua. Hapo ndipo naiona maana ya kubana maji chooni. Familia inayomaliza maji safi ya robine kwa kuvuta choo ndiyo itakayoteremka ziwani jioni kutafuta ya kunywa.

Tufanye hesabu. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akienda chooni mara nne, hufikia mara 24 kwa siku. Kwa tangi la lita 9 ni lita 216, karibu bidoni 11. Kwa choo cha kuchuchumaa kinachomwagiwa lita 3 kwa mkono ni lita 72, yaani bidoni zisizofika nne. Nyumbani kwetu mama huweka beseni kando ya mlango wa choo. Maji ya kusuuzia nguo yanaingia humo, na hayo ndiyo tunayomwagia. Maji ya robine yanabaki kwa sufuria na glasi.

Wapo wanaosema maji machache huziba choo. Ni kweli kwa bakuli la zamani lililotengenezewa lita 9: ukilipunguzia mno, uchafu hukwama, unavuta mara mbili, na akiba yote inapotea. Ndiyo maana lazima kiasi kilingane na aina ya choo. Mikono nayo isibaniwe maji: sabuni na maji ya kunawa si mahali pa kubania.

Kwa maoni yangu, nyumba mpya zinazojengwa kando ya barabara ya Bujumbura zisinunue matangi makubwa ya zamani kwa sababu tu ni rahisi. Wenzetu wa mbali walichukua zaidi ya miaka mia moja kuyaacha. Sisi tunaweza kuanzia pale walipofika, na msichana mwenye bidoni akapata saa moja zaidi ya kusoma.