Mzigo wa Mwenzio: Njia ya Tabora kutoka Msafara hadi Lori

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Huenda methali hii haikutungwa kwa ajili ya njia ya Tabora, lakini ni vigumu kupata njia nyingine katika Afrika ya Mashariki iliyoithibitisha kwa kiasi hicho. Waliokaa pwani na visiwani wakihesabu faida waliuona mzigo pale tu ulipokwisha kufika: pembe zimelazwa forodhani, mizani imetengenezwa, karani amekaa na daftari lake. Waliouleta kutoka Ujiji na Unyanyembe waliujua uzito wake kwa mabega. Baadaye bega likapumzishwa, gurudumu likachukua nafasi yake, na msafara ukawa lori. Njia ilibaki ileile, na swali pia lilibaki lilelile: nani anabeba, na nani anaandikwa?

Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliijua zaidi kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya bara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa takriban kilomita 1,200, na Tabora ilikuwa kituo kikuu cha katikati. Hapo njia iligawanyika: moja ikaelekea magharibi kwenye Ziwa Tanganyika na Manyema, nyingine kaskazini kwenye Karagwe na Buganda. Waarabu na Waswahili kutoka Unguja na Mrima walijenga hapo matembe yao, wakapanda miembe na kula wali wa mashamba yao wenyewe. Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku zaidi ya mia moja na thelathini tangu waache pwani, walipokelewa na Sheikh Snay bin Amir kwa ukarimu usiopungua ule wa mjini. David Livingstone naye alikaa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, kabla ya safari yake ya mwisho.

Lakini majina hayo ni ya wenye safari. Safari yenyewe ilikuwa ya Wanyamwezi. Punda na ng'ombe hawakufaa, kwa kuwa ndorobo waliwaangamiza njiani. Gari la kukokotwa halikuwa na barabara. Hapakuwa na chombo ila mwanadamu. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliojua kupatana bei, na waliojua pia kuutua mzigo chini na kukataa kuunyanyua pindi masharti yalipovunjwa. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kufika pwani na kuiona bahari kulihesabiwa kuwa dalili ya utu uzima.

Pamoja nao, katika njia hiyohiyo, walipita wasiokuwa na ujira wala hiari. Watumwa waliteremshwa pwani wakiwa wamefungwa, na historia ya njia hii haiwezi kusimuliwa kwa uaminifu ikiwa watafichwa nyuma ya pembe. Jina la Bagamoyo lenyewe limebeba mzozo huo. Wapo wanaolifasiri kuwa ni mahali pa kubwaga moyo, mpagazi akatua na kupumzika. Wapo wanaosema ni mahali ambapo mtumwa aliuacha moyo wake nyuma, akijua kwamba mbele yake ni bahari. Pengine jina moja lilisemwa na vinywa viwili, na kila kimoja kilisema kweli.

Lugha haikusahau. Katika Ugogo, ambako maji yalikuwa haba na watawala walijua thamani ya visima vyao, msafara haukupita bila kulipa hongo kwa nguo, shanga na waya. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana mbele ya watu. Leo neno hilohilo limeingia gizani, na maana yake ni rushwa. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kipande cha nguo cha kununulia chakula hicho; leo inalipwa katika mikutano ya maofisa. Merikani, nguo iliyofumwa Marekani na kushushwa Unguja, ilikuwa fedha ya bara nzima. Na tajiri, yule mwenye mali aliyebaki nyuma msafara ulipoondoka, hajaondoka katika msamiati: hadi leo dereva wa lori au wa basi humwita tajiri mtu anayemiliki gari analoliendesha, hata kama tajiri huyo usiku hapati usingizi kwa madeni.

Na deni ndilo lililoiendesha njia. Mfanyabiashara wa Tabora aghlabu hakuwa na mtaji wake. Alikopa nguo, shanga na baruti kwa wafadhili wa Kihindi wa Unguja, akaahidi kulipa kwa pembe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe, alikopeshwa na Taria Topan. Huko Bagamoyo alikuwapo Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa Unguja, ambaye kazi yake inaweza kuelezwa hivi: aliuza safari. Mgeni aliyetaka kwenda bara alimwendea yeye, naye akampatia bidhaa, akamfungia mizigo, akamtafutia wapagazi. Yote yaliyofanywa baadaye na wenye maduka ya malori, yaani kuuza chombo, kukopesha na kukipa chombo vifaa vyake, yeye aliyafanya kabla lori halijazaliwa. Alifariki mwaka 1897, na sehemu ya mali yake ikaenda katika hospitali ya Dar es Salaam. Jina lake limebaki Muhimbili. Majina ya wapagazi aliowakusanya hayakubaki katika ukuta wowote.

Mwaka 1893 Wajerumani walilivunja boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akachagua kufa kuliko kushikwa. Tangu hapo njia ilikuwa na mwenyewe mpya. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miezi ya kutembea ikawa siku za kukaa. Bagamoyo ikaanza kulala, na msafara mkubwa ukafa. Hata hivyo vita vilipozuka mwaka huohuo wa 1914, dola zilizojivunia mashine zilirudi kwenye bega la Mwafrika. Maelfu kwa maelfu walikamatwa kubeba risasi na chakula. Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, likabaki Dar es Salaam kwa matamshi ya Kiswahili: Kariakoo.

Lori liliingia baada ya vita hivyo, na kwanza lilikuja kuisaidia reli, si kushindana nayo. Waingereza, wakiihofia reli yao kukosa mapato, waliweka vizuizi katika miaka ya 1930 dhidi ya malori yaliyopita sambamba nayo. Kwa hiyo lori likajitafutia maisha pale ambapo garimoshi halikufika: katika vijiji vya asali na nta, na katika minada ya ng'ombe. Hesabu yake ni nyepesi. Lori la tani tano lilichukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 150, na njia waliyoitembea kwa miezi lililimaliza kwa siku, ikiwa mvua haikunyesha. Mvua ikinyesha, mbuga za Unyamwezi hugeuka tope jeusi lisilojali chombo wala tajiri.

Malori hayo yalitoka mbali. Bedford yaliundwa Luton na Dunstable, Leyland katika mji wa Lancashire wenye jina hilohilo, na Albion katika jiji la Glasgow. Huko Uingereza kila mji ulikuwa na duka lake la malori, ambapo mwenye duka alimjua mteja kwa jina na mteja aliijua sauti ya kila injini. Afrika ya Mashariki nayo ilipata mawakala wake. Kampuni kama Cooper Motor Corporation na D.T. Dobie zilianzia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940 na kujulikana pia Dar es Salaam. Na kisiwani haikosi kukumbukwa nyumba ya Karimjee Jivanjee, iliyoota mizizi Unguja katika karne ya 19 kwa biashara ya bidhaa na mazao, ikaingia katika mkonge na magari katika karne ya 20, na kuanzia miaka ya 1960 ikafungamana na jina la Toyota. Kwa hiyo mstari kutoka mji wa pembe na karafuu hadi duka la magari haukukatika. Kilichobadilika ni bidhaa iliyokopeshwa: zamani majora ya merikani, sasa injini na magurudumu, na rejesho la kila mwezi badala ya pembe.

Lori lililonunuliwa mara nyingi lilikuwa injini na fremu tu. Bodi ilikuwa kazi ya seremala. Hapa fundi wa Kiafrika na wa Kihindi alikitia chombo cha kigeni sura ya nyumbani, kama Unguja ilivyoyatia magari ya shamba mabao na mabenchi na paa la kuwekea ndizi. Aliyezoea kuukata ubao wa jahazi hakuhitaji kufundishwa namna ya kuufunga ubao juu ya chuma. Na katika lori, kama katika msafara, kila mtu alikuwa na cheo chake. Dereva alichukua nafasi ya kirangozi, aliyetangulia mbele na kuijua njia. Utingo, au taniboi, jina ambalo husemwa lilitokana na kuzungusha hendeli ya kuwashia injini, alilala juu ya mzigo, akaweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani, na akawa wa kwanza kuruka likitokea la kutokea. Mlima Sekenke, katika njia ya Singida na Nzega, umewafundisha wengi maana ya kigingi hicho.

Urambo, nchi ya Mirambo, mtemi aliyeitikisa njia ya misafara hadi alipofariki mwaka 1884, iliona ajabu nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vilikusanywa vyombo vya mabaki ya Vita Vikuu vya Pili. Hata vifaru viligeuzwa matrekta. Ardhi ilivishinda vyombo, mvua ikashindana na mahesabu, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Baada ya karanga ilikuja tumbaku, nayo ikalipa lori kazi ya kudumu.

Baada ya uhuru na Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza magari ilishikwa na shirika la umma, na malori ya Scania yakaunganishwa Kibaha, katika mkoa uleule wa Pwani wenye Bagamoyo. Ulikuwa wakati wa matumaini, lakini lori lilibeba pia yasiyosemwa kwa furaha. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, familia zilipakiwa pamoja na vyungu na kuku na kushushwa mahali ambapo wengine hawakupachagua. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 malori ya raia yalichukuliwa kupeleka askari na silaha. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, ya uhaba wa vipuri na mafuta, lori likasimama juu ya mawe kama jahazi lililokosa msimu. Hapo fundi, si muuzaji, ndiye aliyekuwa mfalme wa njia.

Njia haikufa. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, chakula cha wakimbizi kilishushwa kutoka garimoshi Isaka, kaskazini mwa Tabora, kikapakiwa malorini kuelekea Ngara. Lami iliyosubiriwa tangu enzi za mkoloni ilifika Tabora kipande kwa kipande katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020. Mwaka 2024 reli mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo inalenga kupita Tabora, kwa kuwa bara halijapata njia panda nyingine iliyo bora kuliko ile waliyoichagua wapagazi.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia. Ni heshima inayostahili. Misafara iliwahi pia kupata maandishi yake: Tippu Tip aliacha maisha yake kwa Kiswahili, na mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani waliokwenda bara. Lakini tazama ni nani aliyesimulia. Ni mwenye mali na rafiki wa mwenye mali. Mpagazi hakuulizwa, na alipokufa alikwenda na kitabu chake.

Wazee walioendesha Bedford na Albion katika tope la Unyamwezi ni wachache sasa, na utingo wao ni wachache zaidi. Wanajua mahali ambapo kila daraja lilikatika, mama ntilie gani alikopesha chai usiku wa manane, na mwenzao yupi hakurudi kutoka Sekenke. Duka la magari likifungwa, daftari lake huweza kukutwa kabatini na mjukuu wa tajiri. Kitabu cha utingo hakiko kabatini. Kiko kifuani mwake, na hakuna mizani ya forodhani iliyowahi kukipima.