Kupanga Upya Madaraja ya Kazi (Kaunti ya Kwale)

Hatua ya kubadilisha cheo, daraja au kundi la kazi la mtumishi wa umma, pamoja na wajibu wa serikali kuieleza wazi. Ugatuzi ulipoanza 2013, Kwale ilirithi wafanyakazi wa namna mbili: wa wizara, wakiwemo wauguzi wa hospitali ya Msambweni, na wa baraza la zamani la kaunti. Madaraja yao hayakulingana, ikabidi yaoanishwe.

Kazi hiyo ni ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Bodi huanzisha na kufuta nafasi, na hutakiwa kupeleka ripoti za mara kwa mara kwa Bunge la Kaunti. Nafasi ya kujazwa lazima itangazwe. Mtumishi aliyepo akibadilishiwa cheo, jambo linaweza kuishia kwenye barua yake tu, na hapo ndipo minong'ono ya upendeleo huzaliwa.

Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinadai uwazi na upandishaji vyeo kwa ustahili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazitaka ofisi za umma zichapishe viwango vya mishahara kwa kila daraja bila kusubiri kuombwa. Mkazi wa Diani anayetaka zaidi huandika ombi. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Faili binafsi la mtumishi hulindwa. Mwombaji akinyimwa habari, huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman.