Tume ya Reli ya Texas: Kutoka Nauli za Pamba hadi Visima vya Mafuta

Katika miaka ya 1880 wakulima wa pamba wa Texas walilia na kampuni za reli. Zilijipangia nauli za mizigo zitakavyo, na mkulima hakuwa na pa kushtaki. James Stephen Hogg aliigeuza kero hiyo kuwa ajenda yake ya kugombea ugavana. Mwaka 1890 wapiga kura walimchagua, wakaridhia pia katiba irekebishwe ili reli zidhibitiwe. Tume ilianza kazi 1891, na John H. Reagan akaacha kiti chake katika Seneti ya Marekani ili aiongoze.

Makamishna watatu wa kwanza waliteuliwa na gavana. Marekebisho ya 1894 yaliwapa wananchi wa jimbo zima haki ya kuwachagua, kila mmoja kwa miaka sita, kwa zamu zinazopishana. Kwangu mimi, hakuna uamuzi uliokuwa mkubwa kuliko huo.

Sheria za 1917 na 1919 ziliikabidhi tume mabomba na uhifadhi wa mafuta na gesi. Oktoba 1930 mafuta yalifumka East Texas. Kila mwenye kipande cha ardhi akachimba, na kufikia 1931 pipa likauzwa kwa senti 10, hata Gavana Ross Sterling akapeleka wanajeshi visimani. Ernest O. Thompson, aliyeingia 1932 na kubaki hadi 1965, alisimamia mgawo: kila kisima kilipangiwa kiasi chake. Kwa miongo kadhaa soko la mafuta duniani liliwatazama makamishna watatu wa Austin, makao ya tume, na waasisi wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, waliiga mfano wao.

Reli zilitoka mikononi mwa tume hatua kwa hatua, hadi mwaka 2005 usalama wake ulipohamia idara ya uchukuzi. Jina halikubadilika, na mpiga kura ndiye anayeumia: anadhani anachagua msimamizi wa treni, kumbe anachagua msimamizi wa gesi inayopasha nyumba yake joto. Wenye visima wanalijua hilo vizuri, nao huchangia sana kampeni za wagombea.

Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas na kugandisha mitambo ya gesi inayoendesha vituo vya umeme, umeme ukakatika, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mwaka uliofuata kiti kimoja cha tume kiligombewa, na Wayne Christian, kamishna tangu kabla ya baridi ile, akarudishwa kwa miaka sita mingine.